Mwongozo wa Kulinganisha Bei ya Mafuta Duniani, kwa Mkazi wa Eastlands Asiye na Gari

Mwongozo huu umeandikiwa mtu wa Kayole, Umoja, Dandora au Tassia ambaye hana gari, hana pikipiki, hata leseni hana, lakini kila tarehe 14 ya mwezi jioni anafuatilia tangazo la bei la EPRA, mamlaka ya nishati, kwa makini kuliko mwenye Prado. Ana sababu. Mwenye Prado bei ikipanda anapunguza safari za Naivasha. Wewe bei ikipanda unapunguza chakula. Kwa hivyo ni haki yako kabisa kuwa mtaalamu wa mafuta, na utaalamu wenyewe hauhitaji shahada. Unahitaji simu yenye bando, nchi nne tano za kutaja, na mtu wa kubishana naye. Huyo wa mwisho hakosekani kwa kinyozi yeyote kuanzia Mutindwa hadi Njiru.

Kabla ya kuizunguka dunia, ijue kwanza lita ya nyumbani. Tuchukue mwezi mmoja, ule ulioanza Agosti 15 mwaka 2025. Hapa Nairobi petroli ya super iliuzwa Sh185.31, dizeli Sh171.58, na mafuta taa Sh155.58. Ndani ya hiyo lita ya petroli mlikuwa na ushuru na ada za zaidi ya Sh80. Usiishie kusema "serikali inatukamua". Hilo kila mtu analisema na halikupi heshima. Taja senti. Ushuru wa bidhaa, Sh21.95. Ada ya kukarabati barabara, Sh25. Ada ya maendeleo ya petroli, Sh5.40, na umkumbushe mwenzako kwamba kabla ya mwaka 2020 ilikuwa senti 40 tu. Ipo ada ya reli, ingawa stesheni ya reli yenyewe iko Syokimau na treni yake haijawahi kukupakia Kayole. Ipo hata ada ya meli, senti 3 kwa lita. Hiyo ilipe kwa moyo mweupe, mabaharia nao ni watu. Juu ya hayo yote ilikaa VAT ya asilimia 16, na haikupigwa juu ya mafuta peke yake bali juu ya mafuta pamoja na ushuru na ada zilizotangulia. Yaani ushuru nao umetozwa ushuru. Ukifika hapo nyamaza kidogo, umwangalie mpinzani wako machoni. Mara nyingi mjadala huishia papo hapo.

Akiendelea kukuuliza VAT hiyo ilitoka wapi, mwambie ilikuja polepole. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2013, ikaahirishwa miaka mitatu, ikaahirishwa tena miwili, kila mara ikisogezwa mbele. Septemba 2018 ikaingia. Watu wakapiga kelele, Uhuru Kenyatta akaikata nusu, ikabaki asilimia 8, na sote tukapumua. Julai 2023 serikali ya William Ruto ikairudisha ile nusu nyingine. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 2023, petroli ikafika Sh217.36, bei ambayo Nairobi haikuwa imewahi kuiona.

Sasa chagua nchi. Hapa ndipo wanaoanza hukosea, kwa kudhani kwamba nchi huchaguliwa ili kupata ukweli. Nchi huchaguliwa kulingana na kiti ulichokalia. Aliye serikalini hutaja Uingereza, Uholanzi na Norwe. Aliye upinzani hutaja Saudia, Oman na Libya. Mwanasiasa akihama upande, huhama na nchi zake. Ukitaka kujua nani kaahidiwa uwaziri wiki hii, usisubiri Gazeti la Serikali, sikiliza tu ni nchi gani ameanza kuzitaja.

Tumpe mtu wa serikali nafasi yake kwanza, maana hoja yake si ya kubeza. Mwaka 2025 Uingereza ilitoza pensi 52.95 kwa kila lita, kisha VAT ya asilimia 20 juu yake. Lita ikiuzwa pauni 1.35, kama ilivyokuwa ikiuzwa huko mwaka huo, zaidi ya nusu ya pesa hizo ni za serikali. Sisi hapa ilikuwa kama asilimia 44. Ukizibadilisha kwa shilingi, Mwingereza alilipa Sh230 na zaidi kwa lita moja. Unaona? Umependelewa. Nenda ukamshukuru mbunge wako.

Dawa ya hoja hii ni basi la London. Mwaka 2025 nauli yake ilikuwa pauni 1.75, na kwa nauli hiyo unaweza kupanda basi jingine, na jingine tena, ndani ya saa moja bila kuongeza senti. Mvua ikinyesha London, na hunyesha sana, nauli inabaki pale pale. Mwambie mtu wa serikali kwamba uko tayari kulipa ushuru wa Mwingereza siku hiyo hiyo basi la namna hiyo litakapoanza kupita Kangundo Road. Atabadilisha mada, pengine aanze Marekani, kwa bahati mbaya yake: ushuru wa serikali kuu ya huko ni senti 18.4 za dola kwa galoni, haujaguswa tangu mwaka 1993, na ukiugawa kwa lita unapata kama Sh6. Majimbo huongeza yao juu, lakini usimsaidie kukumbuka.

Upande wa pili wa ubishi ni mtamu zaidi. Oman iliweka ukomo wa bei mwishoni mwa mwaka 2021: petroli ya daraja la juu isizidi baisa 239 kwa lita. Saudia nayo iliigandisha yake mwaka huo huo kwa riyali 2.33. Zibadilishe zote mbili. Utapata Sh80 hivi huku na Sh80 hivi kule. Sasa rudi kwenye lita yako ya Nairobi, utazame ule ushuru na ada za zaidi ya Sh80. Maana yake ni kwamba ushuru peke yake uliolipwa Donholm mwezi ule ungenunua lita nzima Muscat, ikaja na chenji. Hii ndiyo silaha kali kuliko zote katika mwongozo huu. Itumie mara moja tu kwa kila kinyozi.

Ila ujue itakavyorudi kwako. Atatokea mzee mmoja, kwa kawaida aliyestaafu kutoka Industrial Area, akuulize: "Kijana, Saudia wana mafuta. Wewe una nini?" Swali hilo halihitaji jibu la hasira. Mjibu kwamba tangu Machi 2023 mafuta yetu tunayanunua kwa mkopo wa siku 180 kutoka kwa Saudi Aramco na kampuni mbili za Emirati, kwa mkataba wa serikali kwa serikali, kwa hivyo kwa namna fulani sisi nao ni jamaa. Ni jamaa kwa maana ya kudaiwa. Kisha muulize na yeye kuhusu yale mafuta ya Turkana, yaliyobebwa kwa malori hadi Mombasa na kupakiwa melini Agosti 2019 kwa shangwe na picha. Mzee atakunywa chai yake kimya.

Majirani waendee kwa uangalifu. Uganda ni mtego mzuri kwa anayesema bei yetu iko juu kwa sababu bahari iko mbali. Petroli ya Kampala hushuka Mombasa, hupita kwenye bomba letu, huvuka Nairobi, hufika Eldoret au Kisumu, hupakiwa kwenye lori, hupanga foleni Malaba au Busia, na baada ya safari hiyo yote, katikati ya mwaka 2025 ilikuwa ikiuzwa shilingi 5,000 hivi za Uganda, takriban Sh180 zetu. Imepita Embakasi, ikaenda mamia ya kilomita mbele, na bado haikutuzidi bei. Waganda hawatozi VAT kwenye petroli. Wana ushuru mmoja wa bidhaa, ulioongezwa shilingi 100 mwaka 2024, na hakuna mamlaka ya kuwatangazia bei, kila kituo huandika yake ukutani.

Tanzania ni rahisi kueleza lakini inauma. EWURA, mamlaka yao ya nishati, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Agosti hiyo hiyo petroli ya Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,800 na ushei, karibu Sh150 za kwetu. Huko nako petroli haina VAT. Wana tozo zao na malalamiko yao, na ukiwasikiliza wenyewe utadhani hakuna taifa linaloteswa kama lao. Lakini tofauti ya Sh35 kwa lita ni tofauti, na wenye magari wa Namanga hawahitaji mwongozo kuigundua. Ethiopia iache. Ni kweli petroli yao, kwa miaka mingi ya ruzuku ya serikali, imekuwa ikivushwa Moyale kwa mitungi usiku, lakini kutoka Umoja hadi Moyale ni zaidi ya kilomita 700, na nauli ya kwenda kuokoa pesa itakula pesa ulizokwenda kuokoa.

Kuna waliopendekeza njia fupi kuliko zote hizi. Septemba 2023, petroli ilipovuka Sh200, Moses Kuria, aliyekuwa waziri wa biashara, aliwaambia Wakenya wajipange: bei ingepanda Sh10 kila mwezi hadi Februari. Wanaolalamika akawashauri wachimbe visima vyao. Ushauri huu tuupime kwa heshima. Ploti ya kawaida Kayole ni ndogo, na tayari ina ghorofa sita, wapangaji arobaini na tangi la maji lisilo na maji. Landilodi hataki mpangaji apigilie msumari ukutani, sembuse kisima cha mafuta. Na waziri mwenyewe hakubahatika na utabiri: Februari ilipofika, petroli ilikuwa imeshuka hadi Sh206.36.

Wengine huuliza kwa nini wakazi wa Pipeline, mtaa uliopewa jina la bomba, wasipate bei ya jirani. Utani huu una mpaka. Septemba 12 mwaka 2011, katika mtaa wa mabanda wa Sinai, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba ikaingia mtaroni, watu wakatoka na ndoo na vyombo vya jikoni kuichota, ikalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Walichokuwa wakichota kilikuwa petroli ya kuuza kwa bei ya chini kuliko ya kituo.

Turudi steji, maana huko ndiko ulinganisho unakulipisha wewe. Bei ya dizeli ikipanda Sh5 utaambiwa, kabla hata hujakalia kiti: "Mathe, mafuta imepanda, ongeza mbao. Kwani hukuskia EPRA?" Usibishane. Toa kalamu. Chukua basi la abiria 33 na, kwa ukarimu, tuseme linakunywa lita 4 kutoka Kayole hadi mjini siku ambayo Jogoo Road imefungana. Ongezeko la Sh5 kwa lita ni Sh20 kwa safari nzima. Zigawe kwa abiria 33, kila mmoja anadaiwa senti 60. Makanga anataka Sh20 kwa kila kichwa, jumla Sh660. Riyadh yenyewe haijawahi kupata faida ya namna hiyo kwa siku moja.

Ukitaka kumtetea makanga, na mara nyingine inabidi kwa sababu ndiye anayekujua jina, utasema gari lina mkopo, lina sacco, lina spea, lina wale wanaosimama barabarani na mikono yao. Kweli. Basi aseme hivyo. Hizo zote haziagizwi kutoka Ghuba.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili usiopendeza kwetu sisi wapiga kelele. Katika lita ya dizeli ya Agosti 2025, serikali ilichukua Sh70 hivi. Kwa lita zile 4 ni Sh280, na kwa kila abiria ni Sh8.50. Hata Bunge likifuta ushuru wote kesho asubuhi, hadi wa senti 3 za meli, nauli yako haki yake ni kupungua kwa kiasi kisichofika Sh10. Na haitashuka. Dizeli ilikuwa Sh205.47 Oktoba 2023. Miezi 22 baadaye ilikuwa imeshuka zaidi ya Sh33, ambazo kwa abiria wetu ni Sh4 kwa safari. Kama kuna mtu wa Eastlands aliyerudishiwa hizo Sh4, ajitokeze, tumpeleke kwenye makumbusho ya taifa akae karibu na yale mafuvu ya kale. Nauli hupanda kwa tangazo na hushuka kwa miujiza. Mvua nayo huipandisha, ijapokuwa mvua haitumii dizeli.

Ushuru unaopaswa kukutoa machozi uko jikoni, na huu hautajwi katika ubishi wa kinyozi kwa sababu wanaoujua zaidi ni akina mama. Septemba 2018, ili kuwazuia wafanyabiashara wanaochanganya mafuta taa na dizeli, serikali iliongeza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Tazama ufundi wake. Mchanganyaji ana lori, ana ghala, ana wakili. Mama wa Dandora ana stovu ya tambi na chupa ya nusu lita. Kosa likafanywa na mwenye lori, faini ikapelekwa kwa mwenye stovu. Mwaka huo huo, Februari, ukataji miti katika misitu ya umma ulikuwa umepigwa marufuku na makaa yakapanda bei. Mama aliyekimbia makaa akakutana na mafuta taa, aliyekimbia mafuta taa akaambiwa gesi ni safi, na mtungi wa gesi haununuliwi wa shilingi ishirini kama mafuta ya kupimiwa dukani. Hapa ndipo uitafute nchi ya kulinganisha nayo, kama una nguvu: nchi nyingine inayomtoza mpishi wa githeri ada ya kuzuia magendo ya dizeli. Ukiipata, itaje kwa sauti.

Kuhusu barabara nitasema machache, kwa kuwa unazijua kwa viatu. Ile ada ya ukarabati ilikuwa Sh18. Julai 2024, wiki chache tu baada ya vijana kuingia barabarani na Mswada wa Fedha kuondolewa, ikapandishwa hadi Sh25. Bei ya pampu mwezi huo ilishuka kwa shilingi moja, kwa hivyo wengi hawakuona kitu, na huo ndio wakati mzuri wa kupandisha jambo lolote. Kisha zile Sh7 za nyongeza zikatumika kama dhamana ya kukopea Sh175 bilioni za kulipa madeni ya wanakandarasi. Lita ambazo bado ziko chini ya mchanga wa Saudia zimeshawekwa rehani Nairobi. Magavana na wabunge, nao, wamepelekana mahakamani kugombania nani ashike pesa za ada hii. Ukiona shimo mbele ya lango lako, usilidharau. Lina wagombea wengi.

Mwisho kabisa, ukimaliza kutaja nchi zote na kinyozi ameshazima mashine kukusikiliza, toa kipimo ambacho hakuna upande unakitumia, wa serikali wala wa upinzani. Usilinganishe bei ya lita. Linganisha mshahara wa lita. Mwaka 2025 kima cha chini cha kibarua wa kawaida jijini Nairobi kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Kwa petroli ya Sh185.31, mwezi mzima wa kubeba mawe mjengoni Ruai ulinunua karibu lita 87. Kibarua wa Uingereza, ambaye tuliambiwa tumhurumie kwa ushuru wake, kuanzia Aprili 2025 alilipwa pauni 12.21 kwa saa kwa uchache. Lita hizo 87 alizipata kabla ya kumaliza saa kumi za kazi. Mwomani mwenye kima cha chini cha riyali 325 alinunua lita zaidi ya 1,300, ila kima hicho kilikuwa cha raia wa Oman. Dada yako aliyekwenda Muscat kufanya kazi za nyumbani hakuwemo. Yeye alikuwa kwenye nchi ya petroli ya Sh80 akituma pesa Kayole, kwenye petroli ya Sh185.

Mchanganuo wa bei huchapishwa pamoja na tangazo la kila mwezi, mstari kwa mstari, hadi senti 3 za meli. Usome kabla ya Mswada wa Fedha kuletwa kwa maoni ya wananchi, si baada. Na leo jioni ukifika steji, uliza nauli kabla ya kupanda.